Solaris: kwa nini Lem aliikataa filamu ambayo wengi wanaisujudia?

Nyota_Mkia

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kusoma Solaris ya Stanisław Lem, mwandishi wa Poland, riwaya ya mwaka 1961, halafu nikaangalia filamu zake mbili zinazojulikana zaidi: ya Andrei Tarkovsky ya 1972 na ya Steven Soderbergh ya 2002. Tahadhari mapema: uzi huu unamwaga kila kitu, mwisho wa kitabu na mwisho wa filamu zote. Kama hujasoma na unapenda kushtukizwa, pita kwanza, urudi baadaye.

Kwa wasioijua, mwanasaikolojia Kris Kelvin anafika kwenye kituo kinachoelea juu ya sayari iitwayo Solaris. Sayari karibu yote imefunikwa na bahari moja, na bahari hiyo yenyewe ni kiumbe hai. Anakuta mwenzake Gibarian amejiua, Snaut amelewa na anamwogopa kila anayeingia, na Sartorius kajifungia maabara hataki kufungua mlango. Kelvin anapata usingizi, anaamka, anamkuta Hari ameketi pembeni yake. Hari huyo ni mwanamke wake aliyejiua miaka kumi iliyopita. Bahari imeingia ndani ya kumbukumbu zake akiwa amelala, ikamtengeneza upya.

Nilikwenda kwenye filamu ya Tarkovsky nikiwa tayari kuipenda, na nimeipenda kwelikweli. Halafu nasoma kwamba Lem mwenyewe aliichukia, akagombana na mwongozaji hadi wakaachana kwa maneno mabaya. Kwa nini? Hari yupo, kituo kipo, bahari ipo, hata maneno mengi ya Snaut yapo. Mtu alitaka nini zaidi?

La pili, kuna zile sura za maktaba, Kelvin anaposoma historia ya utafiti wa Solaris, kurasa kwa kurasa za majina ya wanasayansi na nadharia zao zilizokufa. Nakiri zilinichosha, na rafiki yangu aliziruka zote akasema hakukosa kitu. Je, ni kweli?

Na la mwisho, ni filamu gani nyingine imetoka kwenye vitabu vya Lem na inastahili muda wangu?

---

BintiSomo

Mimi nitawakera wengi: nampenda Soderbergh. Filamu yake ni dakika 99, ya Tarkovsky inakaribia saa tatu. George Clooney hapo hafanyi umaridadi wake wa kawaida, anacheza mtu aliyechoka na kuvunjika. Natascha McElhone, anayemcheza mke wake, ndiye anayeibeba filamu. Yule mke wa kwanza, wa duniani, tunamwona kwenye kumbukumbu, na tunaelewa kwamba huyu wa kituoni ametengenezwa kutokana na jinsi mume alivyomkumbuka, si jinsi alivyokuwa. Akilini mwa mume alikuwa mtu wa kujiua, basi na huyu mpya anajikuta anataka kujiua bila kujua sababu yake. Hilo wazo limenikaa kuliko mandhari yote ya Tarkovsky.

Na muziki wa Cliff Martinez, jamani. Hata kama filamu hutaki, sikiliza muziki.

Kuhusu sura za maktaba, nilizipita kwa macho tu. Nisamehewe.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nyota_Mkia, umeuliza maswali matatu lakini jibu la la kwanza limo ndani ya la pili, kwa hiyo niruhusu nianzie maktabani. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, mtanivumilia.

Zile sura mnazoziruka ndizo kitabu. Hari ni mlango wa kuingilia.

Tazama jinsi Lem anavyoanza. Sayari Solaris inazunguka nyota mbili, moja nyekundu na nyingine ya buluu. Kwa hesabu za wanasayansi wa kitabuni, sayari ya namna hiyo isingedumu kwenye njia yake: mvutano wa nyota mbili ungeivutavuta mpaka iangukie mojawapo au itupwe mbali. Basi wanasayansi wanasubiri ianguke, na haianguki. Wanapima tena na tena. Mwishowe wanalazimika kukubali kwamba ile bahari ndiyo inayorekebisha njia ya sayari yake. Haina injini wala mashine, haina hata mkono, inafanya moja kwa moja kile ambacho sisi tungehitaji kujenga viwanda miaka elfu ili tukifanye. Hapo ndipo sayansi ya solaristiki inapozaliwa. Katika maelezo ya mwanzo tu, msomaji ameshaambiwa kwamba huyu aliye chini ya kituo ana uwezo ambao hatuna hata jina lake.

Kisha inafuata zaidi ya karne ya watu wenye akili nyingi wakigonga ukuta. Bahari inaumba maumbo makubwa kama miji, mtafiti Giese anayapa majina: mimoidi, simetriadi, asimetriadi. Mimoidi zinaiga vitu vilivyo karibu nazo. Simetriadi zinachanua kwa muda, ndani yake kuna majengo ambayo ni kama hesabu iliyogeuzwa kuwa umbo, kisha zinabomoka. Watu zaidi ya 100 wanafia katika tukio moja, Giese mwenyewe akiwemo, na bahari haikuwa na nia yoyote nao, ilikuwa inaendelea na mambo yake. Vitabu vinajaa rafu. Wanatokea waliosema bahari ni yogi, waliosema ni mgonjwa wa akili, waliosema ni mashine, waliosema ni mtoto mchanga. Kila kizazi kinazika nadharia za kilichotangulia. Mimi nikizisoma kurasa zile nacheka, maana nimewaona watu hao: yule anayeandika juzuu tisa za kuainisha kitu asichokielewa, na yule wa baada yake anayepata cheo kwa kupinga zile juzuu.

Ukishapita humo ndipo Hari anapoeleweka. Kwanza unamwona kama zawadi au adhabu. Baada ya maktaba, huwezi tena kusema ni kipi, kwa sababu hujui kama bahari inajua maana ya zawadi na adhabu. Watafiti walikuwa wameipiga kwa eksirei kali, na baada ya hapo wageni wakaanza kutokea. Ni jibu? Ni kisasi? Ni mwangwi tu? Lem hakuambii, na hakufichi kwa ujanja pia. Hakuna wa kujua.

Angalia lile gauni. Hari anapofika mara ya kwanza, Kelvin anataka kumvua gauni na hawezi: vifungo ni vya mapambo, hakuna mahali linapofunguka, inabidi likatwe. Bahari ilikuta sura ya gauni katika kichwa cha mwanaume ambaye hakuwahi kufikiria gauni linafungwaje. Tarkovsky alilitunza tukio hilo, na ni mojawapo ya nyakati ambazo filamu na kitabu vinakutana kabisa. Mkasi mmoja unakueleza kuhusu bahari kuliko hotuba zote za Sartorius.

Sasa ugomvi. Lem alialikwa Moscow wakati filamu inaandaliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe alikaa huko wiki sita akibishana na Tarkovsky, mwisho akamwita mpumbavu kwa Kirusi, akafunga mizigo akarudi nyumbani. Mswada wa mwanzo, alioandika Tarkovsky pamoja na Friedrich Gorenstein, ulikuwa umeweka theluthi mbili za hadithi duniani. Duniani! Katika riwaya Kelvin hana dunia kabisa: ukurasa wa kwanza yuko ndani ya kapsuli, anashuka. Hata filamu ilivyokamilika ina kama dakika 40 za nyumba ya baba, bwawa, majani yanayocheza majini, farasi, mvua. Lem alilalamika kwamba mwongozaji amemletea wazazi wa Kelvin, na shangazi juu yake, na hasa mama. Alisema Tarkovsky hakutengeneza Solaris, alitengeneza Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky. Yaani mtu ana hatia moyoni, anateseka, anataka kusamehewa, anarudi nyumbani kupiga magoti.

Na kweli, filamu inaishiaje? Kelvin anapiga magoti mlangoni mbele ya baba yake, kamera inapanda juu, tunaona nyumba ile iko kwenye kisiwa katikati ya bahari ya Solaris. Ni picha kubwa sana, siwezi kuibeza. Lakini soma mwisho wa Lem. Hari ameshaondoka kwa hiari yake, ameomba aangamizwe. Kelvin anashuka peke yake kwenye mimoidi ya zamani inayobomoka, anakaa ufukweni, ananyoosha mkono. Wimbi linakuja, linauzunguka mkono wake bila kuugusa, linaacha nafasi nyembamba ya hewa kati yake na glavu. Anarudia mchezo huo mpaka bahari inachoka naye, haimjali tena. Naye anaamua kubaki, akisubiri kitu asichokijua, hata tumaini hana. Hakuna baba pale, wala wa kumpigia magoti.

Msimwonee Tarkovsky, alikuwa na haki ya kutengeneza filamu yake. Ila Lem alikuwa na hoja: kitabu kinauliza itakuwaje tukikutana na kisicho binadamu hata kidogo, na filamu zote mbili zinajibu kwa kurudi kwa binadamu. Snaut anasema kitabuni kwamba hatuhitaji dunia nyingine, tunahitaji kioo. Filamu zimemsikia, halafu zikatengeneza kioo.

BintiSomo, kuhusu Soderbergh, Lem aliandika mwaka 2002 kwamba kama angetaka habari za mapenzi angani angekiita kitabu hivyo, lakini alikiita Solaris. Wakati huo hakuwa ameiona filamu, alikuwa amesoma walichoandika wahakiki. Na ya Tarkovsky pia alisema hakuwahi kuiona yote, ila kipande cha sehemu ya pili. Mzee alikuwa na ulimi mkali na haraka ya kuhukumu, hilo nalisema mimi ninayempenda.

---

KobeMwendokasi

Mwalimu, nimesoma kwa heshima zote, lakini umemkata Tarkovsky mguu halafu ukamsifu kwa kutembea.

Filamu si insha. Ukurasa unaweza kusema "bahari inarekebisha njia ya sayari" na msomaji akatetemeka. Kwenye skrini utaonyesha nini? Mtu anasoma grafu? Tarkovsky alijua hawezi kuipiga picha bahari isiyoeleweka, kwa hiyo alipiga picha kitu ambacho bahari inakitishia. Lile gari linalopita barabara za juu na mahandaki ya Tokyo, dakika karibu tano bila neno lolote la maana, watu wanalalamika, wanasogeza mbele. Lakini baada ya bwawa na majani, ule mji wa zege tayari ni sayari ngeni, na ni wetu. Halafu kwenye maktaba ya kituo anaweka ile picha ya Bruegel, wawindaji kwenye theluji, na kamera inaitembelea polepole huku Hari akiitazama. Kiumbe aliyetengenezwa na bahari anajifunza dunia kupitia picha ya kuchorwa. Hiyo ni solaristiki iliyogeuzwa: sasa ni bahari inayotusoma sisi.

Na ule mwisho wa kisiwa, mbona unausoma kama faraja? Mvua inanyesha NDANI ya nyumba. Maji yanamwagikia baba mgongoni, yanatoa mvuke, naye hashtuki. Bahari imekosea, kama ilivyokosea gauni. Kelvin amepiga magoti mbele ya kitu ambacho hakijui mvua inapaswa kunyesha upande gani wa dari. Mimi nikiuona mwisho ule nasisimka kwa woga. Huo ndio ukatili wa Lem, umevalishwa nguo za nyumbani.

---

Nyota_Mkia

Kobe, hiyo ya mvua ndani ya nyumba nilidhani ni ushairi tu wa mwongozaji! Narudi kuiangalia tena.

Nina jambo jingine ambalo sikulitaja mwanzoni kwa sababu sikujua nilisemeje. Kitabuni, Kelvin anapoingia chumba baridi ulipo mwili wa Gibarian, anamkuta kalala pale mwanamke mweusi mkubwa, nusu uchi, kavaa kijisketi cha nyasi. Huyo ndiye "mgeni" wa Gibarian. Kelvin anamwona kama dude. Nilifunga kitabu kwa muda. Wengine kituoni wanapata wapendwa wao, na sisi tunaingia kwenye fasihi ya anga tukiwa ndani ya friji. Wenzangu mlilichukuliaje?

---

BintiSomo

Asante kwa kulisema. Mimi nililiona nikajaribu kujidanganya kwamba ni sehemu ya fumbo. Si fumbo. Ni mwandishi wa 1961 aliyekuwa anatafuta picha ya kumtisha msomaji wake akaokota iliyokuwa karibu.

Hapo filamu zina afadhali. Kwa Tarkovsky mgeni wa Gibarian ni msichana mdogo. Na Soderbergh alimpa Viola Davis nafasi ya Gordon, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu pekee mwenye akili timamu kwenye kile kituo: anataka wageni waondolewe, anataka kurudi nyumbani, na anamwambia Clooney ukweli usoni.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nyota_Mkia, uko sahihi, wala sitamtetea. Mtu anaweza kusema kwamba wageni wote hutoka kwenye aibu ya anayelala, na kwamba picha ile ni ya kichwa cha Gibarian, tena ya kitoto, picha aliyoibeba kutoka kwenye kitabu fulani cha zamani. Kwa mantiki ya hadithi inakaa. Lakini Lem angeweza kuchagua aibu yoyote duniani, na hamruhusu yule mama hata neno moja. Hari anapewa kitabu kizima kuwa mtu. Yule hapewi hata sentensi.

Umenipa njia ya kujibu swali lako la tatu, kwa sababu filamu ya kwanza ya Lem ina Mwafrika angani, na ni ya 1960, kabla mwanadamu yeyote hajaruka huko. Inaitwa Der schweigende Stern, ilitengenezwa na Ujerumani Mashariki pamoja na Poland, mwongozaji Kurt Maetzig, kutoka riwaya ya Lem ya 1951 kuhusu safari ya Zuhura. Wafanyakazi wa chombo wametoka pande zote: Mjapani, Mchina, Mrusi, Mpolandi, Mmarekani, Mjerumani, na fundi Mwafrika anaitwa Talua, aliyechezwa na Julius Ongewe. Si mtumishi, si kichekesho, ni fundi kati ya mafundi. Huko Zuhura wanakuta mabaki ya ustaarabu uliojiangamiza kwa silaha ulizoziandaa kwa ajili yetu. Na mwisho chombo kinapolazimika kuondoka, anayebaki nyuma kwenye sayari ile ni nani? Ni Talua. Sijui nicheke au nilie, maana filamu haikukusudia ubaya wowote, ilitaka kumpa heshima ya shujaa. Wamarekani waliikatakata wakaionyesha mwaka 1962 kwa jina First Spaceship on Venus, usiiguse hiyo, tafuta ya Kijerumani. Lem aliidharau, na kama hadithi ni hotuba ndefu ya amani. Ila mandhari ya Zuhura, ile misitu ya vioo vilivyoyeyuka, bado inapendeza macho.

Ikarie XB-1 ya Czechoslovakia, mwaka 1963, iliyochota kwenye Wingu la Magellan la Lem bila kumtaja, ni bora zaidi. Watu wengi wanaishi ndani ya chombo kimoja kwenye safari ndefu, wanacheza dansi, mtoto anazaliwa, halafu wanakuta chombo cha kale kimejaa maiti. Iangalie.

Lakini ukiniuliza ni ipi imemwelewa Lem, nitakutajia ndogo mbili ambazo hazimo kwenye orodha za watu.

Ya kwanza ni Przekładaniec ya Andrzej Wajda, ya mwaka 1968, ya televisheni, kama nusu saa tu. Dereva wa mashindano ya magari anapata ajali, madaktari wanamshona kwa viungo vya ndugu yake aliyekufa. Shirika la bima linagoma kulipa: kama viungo vya ndugu vinaishi ndani ya mwingine, marehemu amekufa kwa asilimia ngapi? Anapata ajali nyingine, anaongezewa viungo vya wengine aliowagonga, wanawake wamo, mbwa yumo. Kila akirudi kwa mwanasheria ana tabia mpya na ndugu wapya wanaomdai. Lem aliandika mswada mwenyewe, na aliridhika na filamu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra kama kupatwa kwa jua. Swali lake ni lilelile la Hari, mtu anaanzia wapi na kuishia wapi, ila limevaa kofia ya kichekesho.

Ya pili ni Test pilota Pirxa, ya Marek Piestrak, mwaka 1979, Poland pamoja na Estonia ya Kisovieti, na muziki wa mtunzi mashuhuri Arvo Pärt, ndiyo, Pärt huyohuyo. Rubani Pirx anapewa chombo cha kwenda Zohali. Kati ya wafanyakazi wake kuna roboti wanaofanana kabisa na watu, na yeye haambiwi ni nani. Kampuni zinataka kuthibitisha roboti ni marubani bora kuliko sisi. Karibu na pete za Zohali hatari inatokea, kila sekunde ina thamani, roboti aliyeshika usukani anangoja Pirx atoe amri ambayo ameshaitabiri. Na Pirx anasita. Hasemi kitu. Roboti alikuwa amejiandaa kwa amri sahihi na amri ya makosa, hakujiandaa kwa mtu aliyeganda. Kusita kule kunawaokoa. Filamu yenyewe ina pesa kidogo, kuta za chombo zinaonekana ni mbao na plastiki, na kuna mbio za magari zilizochomekwa duniani bila sababu ya maana. Lakini wazo la Lem limevuka salama, halikubadilishwa kuwa mapenzi wala toba.

The Congress ya Ari Folman, mwaka 2013, ni mnyama mwingine. Kitabu chake, The Futurological Congress cha 1971, ni vurugu tamu: hotelini maji yana dawa za kuwafanya watu wapendane, shujaa wake Ijon Tichy anaona njozi juu ya njozi, anazinduka mwaka 2039 kwenye dunia ambayo kila kitu kizuri ni kemikali. Folman aliweka nusu ya kwanza ambayo kitabuni haimo: Robin Wright anacheza mwigizaji Robin Wright, studio inamwambia inunue sura yake, imskani mwili, kicheko na kilio, halafu yeye asiigize tena maisha yake yote. Siku ilipotoka watu waliona ni mzaha. Mwaka 2023 waigizaji waligoma, na jambo hilohilo lilikuwa mojawapo ya sababu. Nusu ya pili ni katuni, inachosha, ila tukio la kuskaniwa, Harvey Keitel akimsimulia hadithi ili sura yake ipitie kila hisia huku taa zinamulika, hilo peke yake ni sababu ya kuiangalia.

Kobe, kuhusu mvua ndani ya nyumba, nakubali kwamba bahari imekosea pale, na umeisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Bado nakupinga kwa jambo moja: hata kosa lake ni kosa kuhusu sisi. Kitabuni bahari inaweza kufanya mambo elfu ambayo hayatuhusu hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

---

KobeMwendokasi

Hapo tutakesha, Mwalimu. Nitajie basi kitabu cha Lem ambacho wewe ungekubali kifanywe filamu bila kulalamika.

---

Mwalimu_Mstaafu

The Invincible, cha 1964, bila kusita. Chombo kikubwa cha kivita kinatua sayari Regis III kutafuta kingine kilichopotea, Condor. Wanakikuta kimesimama wima, chakula kipo, maji yapo, na watu wote wamekufa. Ndani kuna sabuni zenye alama za meno. Watu wazima, wanasayansi, walifutwa akili mpaka wakawa wanatafuna sabuni. Hakuna mtu wa kulaumiwa: sayari ina wingu la vimashine vidogo kama nzi, vilivyobaki baada ya mashine nyingine zote kushindwa vita ya mamilioni ya miaka. Kimoja kimoja ni kijinga. Vikikusanyika, vinafuta kumbukumbu ya chochote kinachofikiri. Kuna pambano kati ya wingu hilo na Cyclops, mashine yenye silaha ya antimata, ambalo mwongozaji yeyote angelipa pesa yake kulipiga picha. Na shujaa, Rohan, anagundua kwamba si kila kilichopo kipo kwa ajili yetu, anapita katikati ya wingu kwa miguu yake akiwa ameuzima ubongo wake kwa kifaa cha kuficha mawazo. Hakuna mapenzi humo, Hollywood ikitaka itabidi iyabuni. Mpaka sasa walioifanyia haki ni watengeneza michezo ya kompyuta, kwa mchezo uliotoka mwaka 2023.

Nyota_Mkia, kama nakala yako ya Solaris inamwita mwanamke Rheya badala ya Hari, basi unayo tafsiri ya Kiingereza ya 1970, iliyopitia Kifaransa kwanza. Ipo ya Bill Johnston ya 2011 iliyotoka Kipolandi moja kwa moja. Sura za maktaba zinasomeka vizuri zaidi humo, na safari hii usiziruke.

---

Nyota_Mkia

Ni ya Rheya kweli. Naanza na The Invincible, halafu narudi kwa Solaris ya Johnston, maktaba na yote. Przekładaniec nimeshaiweka pembeni kwa leo usiku. BintiSomo, wewe na Martinez wako mnakuja?

---

BintiSomo

Nusu saa nitaivumilia. Maktaba bado.